Usiiuze cherehani ya bibi kabla hujaifungua

Nyumba nyingi za Pwani zina cherehani ya zamani ambayo haijashona kitu kwa miaka, lakini hakuna anayethubutu kuitoa. Imefunikwa kitambaa, juu yake pana redio, au Msahafu, au chaja za simu za watoto. Watoto wameshaizoea kama meza. Siku moja mmoja wao akishapata kazi mjini, hutangaza kwa nia njema kabisa: "Mama, hiyo tuitoe, nitakununulia mpya."

Ni maneno ya upendo. Tatizo ni kwamba mara nyingi husemwa kabla mtu yeyote hajachukua bisibisi akaangalia ndani mna nini.

Kijijini Mbwera, kwenye delta ya Rufiji wilayani Kibiti, maneno hayo yalisemwa kwa simu mwezi Desemba, wakati mbaya kuliko wote. Mwenye cherehani ni mama wa watoto wanne. Mume wake ni mvuvi, na pesa ya mvuvi, kama wajuavyo watu wa huko, huja na maji na kuondoka na maji. Pesa inayojulikana itakuja lini ni ya cherehani, na mwaka mzima hakuna msimu unaoishinda Januari.

Mzazi yeyote anajua sababu. Tangu mwaka 2016 shule za umma nchini hazitozi ada kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne, lakini sare bado ni juu ya mzazi. Mtoto anayeanza darasa la kwanza hawezi kwenda na kaptula ya kaka yake iliyopasuka makalio. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka majirani humletea mama huyu watoto wao, anawapima kwa utepe, anaandika vipimo kwenye daftari, anapokea nusu ya malipo. Safari hiyo alikuwa na watoto kumi na mmoja kwenye daftari. Nusu ya malipo alikuwa ameshainunulia kitambaa: khaki ya kaptula, nyeupe ya mashati, bluu ya sketi. Vitambaa vilikuwa vimeshakatwa.

Ndipo gurudumu likagoma. Jana yake lilikuwa zito, asubuhi hiyo halikuzunguka kabisa. Alikanyaga, mkanda ukateleza, gurudumu likabaki palepale.

Kijana wake wa kwanza anafanya kazi Dar es Salaam. Alipopigiwa simu hakusita.

"Mama, hiyo imeshakufa. Ni chuma cha enzi za mkoloni. Nina laki na themanini hapa, nikiongeza kidogo nakuchukulia mpya."

"Na sare za watu je, baba?"

"Si ndiyo nakwambia. Mpya ikifika unashona siku mbili umemaliza."

Mama akamshukuru, akasema atafikiria. Wazazi wanaijua hali hiyo. Mtoto uliyemlea anakupa zawadi yake ya kwanza kubwa, na wewe moyoni unaona kuna jambo halijakaa sawa, lakini hutaki aone umeikataa.

Cherehani yenyewe ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye nakshi za dhahabu ambazo zimefutika pale mikono inapopita. Babu yake mama huyo aliinunua miaka ya 1950 kwa pesa ya boriti. Enzi hizo boriti za mikoko kutoka Rufiji zilikuwa zikipakiwa kwenye majahazi kupelekwa nchi za Ghuba, ambako miti ni haba, zikaezekewa mapaa ya nyumba. Babu alikata boriti misimu miwili, akaenda Dar es Salaam, akarudi na cherehani. Bibi hakujua kusoma, ila alijua kanzu inataka wari ngapi kwa kumwangalia tu mtu akipita. Alishona magauni, foronya, kanzu za Idi na sanda. Mjukuu wake alipoolewa, alimkabidhi cherehani na chupa ya mafuta, na hakutoa hotuba.

Hapo pana jambo la kusimulia kidogo, maana watu wengi wanaozirithi cherehani hizi hawajui walichonacho. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na hakuwa mtu wa kwanza kubuni cherehani. Kilichoipeleka kampuni yake duniani kote ni mambo mawili: vipuri vilivyofanana kutoka cherehani moja hadi nyingine, na utaratibu wa kulipa kidogo kidogo, ambao ulianza miaka ya 1850. Kiwanda chake kikubwa barani Ulaya kilikuwa Clydebank, Scotland. Kilifunguliwa miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980, na hadi leo kituo cha treni cha hapo kinaitwa Singer. Cherehani nyingi zilizofika Afrika Mashariki wakati wa Waingereza zilitoka huko. Namba imegongwa upande wa kulia, karibu na kitako. Ikianza na herufi E ikifuatiwa na herufi nyingine, mara nyingi ni ya Clydebank, kati ya katikati ya miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Binti wa mama huyo, anayesoma kidato cha pili na alikuwa nyumbani kwa likizo, ndiye aliyeifuta namba hiyo kwa kitambaa na kuisoma. Alikuwa na sababu yake. Juzi yake alikuwa amekuja mtu.

Mtu huyo hakuwa mwenyeji. Alipita nyumba kwa nyumba akiulizia cherehani za Singer za zamani, "hata mbovu". Alipoiona hii alitoa simu, akaisogeza karibu na sindano, akatazama mtandao kama utakatika. Ukakatika. Watoto wakacheka, maana pale mtandao hukatika wenyewe hata pasipo cherehani. Yule mtu hakucheka. Akatoa bei, elfu themanini taslimu.

Elfu themanini, siku ambayo gurudumu limegoma na kuna watoto kumi na mmoja kwenye daftari, si pesa ya kudharau. Mama alitaka kuipokea. Aliyemzuia ni binti, kwa kuuliza swali ambalo mtu mzima angeona haya kuliuliza: "Kama ni mbovu, anaitakia nini?"

Jibu lina historia. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina kitu kiitwacho zebaki nyekundu, na kwamba ukisogeza simu karibu na sindano mawasiliano yakikatika, basi imo. Bei zikapanda kwa wazimu. Shirika la habari la Reuters liliripoti cherehani kuuzwa hadi riyali 200,000. Ulikuwa uongo mtupu. Ndani ya cherehani mna chuma, skrubu na mafuta. Lakini uvumi wa namna hiyo haufi, unahama tu nchi, na kila unapohama unawaacha watu wawili wameumia: anayenunua kwa tamaa, na anayeuza kifaa chake cha kazi kwa bei ya chuma chakavu.

Mama akamwambia mgeni arudi baada ya Sikukuu. Hakurudi.

Safari ya kutoka Mbwera hadi Kibiti mjini si ya kubeba meza ya cherehani. Habari njema, ambayo familia nyingi hazijui, ni kwamba haihitaji kubebwa. Kichwa cha cherehani kimeshikwa na bawaba mbili kwa nyuma. Unavua mkanda, unakilaza nyuma, unalegeza skrubu mbili ndogo chini, kinatoka. Kina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja mnono. Mama alikifunga kwenye kanga mbili, akakipakata njia nzima, na mwenzake mmoja safarini akamuuliza mbona mtoto halii.

Fundi waliyeelekezwa ni mzee mwenye kibanda kidogo mjini Kibiti. Nje pamepangwa vichwa vya cherehani kama kuku wa mnada: Singer, Butterfly za China, moja ya Kihindi. Binti alimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, kaa hapo uone, siku nyingine usinisumbue." Kisha akafanya jambo lililowashangaza. Hakugusa bisibisi. Aliinamisha pua, akanusa.

"Mama, uliweka mafuta gani humu?"

Mama akakiri. Mafuta ya cherehani yaliisha tangu mwezi wa tisa. Alitia ya nazi.

Mzee hakumgombeza, alitikisa kichwa tu. Kwa wakazi wa mwambao hilo ndilo kosa la kwanza, na linafanywa kwa nia njema, maana mafuta ya nazi yapo nyumbani na ni mazuri kwa nywele na wali. Kwenye chuma hayafai. Asubuhi ya baridi yanaganda, yanaoza, yananasa vumbi na nyuzi. Ya alizeti ni mabaya zaidi, yanakauka na kuwa kama gundi ya njano. Kwa maneno ya yule mzee, katika kila cherehani kumi anazoletewa zikiambiwa zimekufa, nyingi zimekwama tu. Ni makadirio yake mwenyewe, lakini ndiye anayezifungua.

Kilichofuata kilichukua saa nyingi, na inafaa kukieleza polepole kwa sababu sehemu kubwa yake mzazi mwenye subira anaweza kuifanya mwenyewe.

Kwanza, gurudumu haligeuzwi kwa nguvu. Anayelilazimisha kwa spana huvunja kitu ambacho hakikuwa kimevunjika. Mzee alitoa sindano, akatoa kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, akafungua bamba la chini ya sindano. Chini yake, katikati ya yale meno yanayosukuma kitambaa, palikuwa na tabaka la nyuzi na vumbi limeshikana gumu kama kipande cha zulia. Akalichokoa kwa sindano butu. Lilitoka zima. Binti akalishika mkononi. Lilikuwa na rangi zote za sare za shule za miaka kadhaa, zimepangana.

Kisha akafungua sehemu ya bobini. Kile chuma cha mviringo kinachobeba bobini hukaa ndani ya njia yake, na nyuma yake ulikuwa umenasa uzi mmoja mweupe, urefu wa kidole. Uzi mmoja tu wa namna hiyo unaweza kuifunga cherehani nzima. Katika safari ya kuitafuta hitilafu, mzee alisema, anza pale, kabla ya kwenda mbali.

Baada ya hapo mafuta ya taa. Tone moja kwenye kila tundu la mafuta, juu, ubavuni na chini, na kila mahali ambapo chuma kinasugua chuma. Yanalainisha uchafu ulioganda. Aliacha yakaingia, akasali adhuhuri, akala, akarudi. Akaligusa gurudumu mbele na nyuma, kidogo kidogo kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nusu nchi. Nchi moja. Mara likazunguka, na maji meusi yakaanza kuvuja kwenye gazeti lililotandikwa chini.

Hapa wengi hukosea. Gurudumu likizunguka wanafurahi, wanarudi nyumbani. Mafuta ya taa yanasafisha tu, hayalainishi kwa muda mrefu. Yakikauka, chuma kinabaki kikisuguana na chuma. Lazima uchafu ufutwe, na kila tundu lililopata mafuta ya taa lipate mafuta ya cherehani yenyewe, yale mepesi meupe ya kwenye kichupa. Na kazi ya mafuta ya taa isifanywe karibu na jiko wala kibatari, jambo ambalo mzee alilisema mara mbili akimtazama binti.

Kutu ilikuwepo. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yaliingia hadi uani kwao. Kichwa kilinusurika kwa kupandishwa darini, lakini miguu ya chuma na kanyagio vilikaa ndani ya maji siku kadhaa. Kwa familia za mabondeni ushauri wa mzee ni huu: cherehani ikizama, usiisubiri ikauke yenyewe. Ioshe kwa maji safi yasiyo na chumvi ili tope na chumvi vitoke, ifute, iweke juani, kisha mafuta ya taa na mafuta ya cherehani siku hiyohiyo. Cherehani iliyolowa inaweza kupona, ila ikisahauliwa mwezi mzima ikiwa na tope ndani, kazi inakuwa nyingine.

Bamba lililopata madoadoa alilisugua kwa msasa laini wenye mafuta. Mahali ambapo bobini huzunguka hakupagusa na msasa kabisa, maana mkwaruzo mdogo pale hukata uzi daima. Rangi nyeusi na nakshi hakuzigusa pia. Kuna mafundi wanaozipaka upya rangi ya kung'aa ili ziuzike. Zinapendeza dukani, lakini mara nyingi rangi imeziba matundu ya mafuta, na aliyeinunua atajua baada ya mwaka. Afadhali cherehani iliyochakaa sura na inayozunguka kwa kidole kimoja.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichokwisha kweli: kijumba cha bobini. Kile kijisahani chake cha chuma kinachobana uzi kilikuwa kimelika hadi kuacha mfereji. Mama aliposikia hivyo aliinamisha kichwa. Kipuri cha cherehani ya miaka 70 kitapatikana wapi?

Mzee akavuta kopo, akachambua, akatoa kijumba kipya kilichotengenezwa China, akakitia. Kikaingia na kulia "ka".

Hakuna mazingaombwe. Singer ya aina hiyo, ile inayoitwa daraja la 15, ndiyo iliyoigwa kuliko zote. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japan viliichukua kama kielelezo, na za China kama Butterfly zikafuata umbo lilelile. Ndiyo maana bobini, kijumba chake na hata sindano za kawaida zinazouzwa leo Kariakoo zinaingia kwenye cherehani iliyoundwa kabla baba zetu hawajazaliwa. Anayetaka kujua kama ya kwao ni ya jamii hiyo achukue bobini yake dukani, aifananishe. Singer za aina nyingine zipo, zenye bobini ndefu nyembamba kama kipande cha penseli ndani ya chombo chenye umbo la mtumbwi. Nazo zinashona vizuri sana, lakini vipuri vyake ni vya kuwinda.

Mzee pia hakuwa mtu wa kusifia kila chuma. Pale kibandani palikuwa na kichwa kimoja kilichopasuka kitako baada ya kuangushwa kutoka kwenye pikipiki. Hicho hakitengenezwi, kinachunwa vipuri. Na mtu akitaka kushona vitambaa vinavyovutika, au kufunga kingo za nguo kama za dukani, cherehani ya bibi haitamfaa, kwa kuwa inajua mshono mmoja tu, ulionyooka. Kwa kaptula ya khaki, shati, sketi ya marinda, mapazia na foronya, huo ndio unaotakiwa.

Huko Uingereza kuna mashirika, Tools for Self Reliance na Workaid, ambayo kwa miongo kadhaa yamekuwa yakikusanya vifaa vya zamani vya kazi, cherehani zikiwamo. Wazee waliostaafu na vijana wa kujitolea huvisafisha na kuvirekebisha, kisha hutumwa Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Kwa hiyo kuna cherehani za Clydebank zinazotengenezwa leo Uingereza ili zije kushona huku, wakati huku nyingine za kiwanda hichohicho zinauzwa kwa kilo.

Gharama yote, kijumba cha bobini, mafuta chupa mbili na mkono wa fundi, ilikuwa elfu thelathini na tano. Nauli ya watu wawili ni pembeni. Mzee hakuipokea pesa mpaka binti alipofungua sehemu ya bobini na kuirudisha mwenyewe mara tatu, ya mwisho bila kutazama. Akamwonyesha na ile nati kubwa katikati ya gurudumu, ambayo ndani yake mna kipete chenye masikio. Kikirudishwa kinyume, gurudumu litazunguka na sindano haitashuka, na watu watasema imekufa tena.

"Sindano ina upande mmoja uliobapa," akamwambia. "Ukiigeuza inaruka mishono. Kabla hujaja kwangu tena, badilisha sindano. Ukishindwa, ndiyo uje."

Walirudi Mbwera siku ya pili. Nyumbani kilibaki kitendawili cha mkanda. Ule wa ngozi ulikuwa umelegea, ndiyo maana uliteleza. Wengi wakifika hapo hununua mwingine, kumbe mkanda wa ngozi hukatwa. Unatoa kile kipini cha waya kinachounganisha ncha, unapunguza kipande kidogo, unatoboa tundu jipya, unafunga. Ukikazwa mno cherehani inakuwa nzito na miguu inachoka, ukilegea unateleza. Binti alipunguza nusu nchi, wakajaribu, akapunguza kidogo tena.

Kaptula ya kwanza ilishonwa usiku huo kwa taa ya sola. Uzi wa chini ulikuwa umelegea, ukajikunja kwa juu kama nywele. Mama alikaza ile skrubu ndogo sana ya kijumba cha bobini, robo mzunguko, si zaidi. Mshono wa pili ukanyooka. Sare zote kumi na moja ziliisha siku nne kabla ya shule kufunguliwa, na ya kumi na mbili, ya mtoto wake wa mwisho, alishona jioni ya mwisho kama ilivyo kawaida ya watoto wa mafundi.

Lililobaki gumu lilikuwa simu ya Dar es Salaam.

Kijana alikuwa ameshaulizia madukani. Alishawaambia wenzake kazini kwamba anamnunulia mama yake cherehani. Alipoambiwa ya zamani inashona alinyamaza muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Sawa mama, kama hutaki yangu." Hakuna mzazi asiyechomwa na maneno kama hayo. Zipo familia ambazo zawadi ya mtoto hupokelewa ikawekwa pembeni, ya zamani ikaendelea kutumika kimyakimya, na mtoto akija likizo akagundua. Hilo linauma zaidi.

Mama hakumwambia kwamba mpya ni mbaya. Alimpigia tena kesho yake na kumwomba kazi. Fundi wa Kibiti ni mzee, alimwambia, na vipuri Mbwera hakuna. Januari ijayo hataki kusimama tena kwa ajili ya kitu cha elfu mbili. Anahitaji akiba ndani ya kopo: sindano namba 14 za mashati na namba 16 za khaki, bobini kumi za chuma, kijumba cha bobini kimoja cha ziada, mafuta ya cherehani chupa tatu, bisibisi ndogo mbili, na mkanda. Pesa nyingine aiweke. Dada yake akimaliza shule na bado anapenda ushonaji, watatafuta pamoja cherehani ya kufunga kingo, kwa sababu hiyo bibi hana.

Kijana aliandika kila kitu. Akauliza bobini ya aina gani, mama akampa simu binti, binti akapiga picha iliyopo na kumtumia mtandao uliporudi. Siku iliyofuata alikuwa Kariakoo anatuma picha za vijumba vya bobini, kimoja baada ya kingine, akiuliza ni hiki au hiki. Alikuwa ameanza kujua tofauti. Ya mwisho aliyouliza ni urefu wa mkanda, maana muuzaji alitaka kumkatia palepale dukani.

"Asiukate," mama akasema. "Alete mrefu. Tutaukata hapa."

Binti akachukua simu kumwongezea kaka yake habari ya kipini cha waya, ahakikishe anapewa viwili.